FIGO, SEHEMU YA 4: "Ukiwekwa kwenye mashine ndiyo basi." Maneno haya yametoka wapi?



Hapa Kasokola ukitaja mashine ya kusafisha damu unajibiwa haraka: "Huyo wa mashine hatoki." Sibishani na mtu aliyeona ndugu yake akipelekwa na asirudi. Ameona kweli. Ila leo tuangalie historia yake, maana naona mashine inalaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Mwaka 1938, mji wa Groningen, Uholanzi. Daktari kijana, Willem Kolff, ana mgonjwa wa miaka 22, mtoto wa wakulima, figo zimegoma. Anatapika, macho yanapoteza nuru, anaisha taratibu. Kolff ndiye aliyepaswa kumwambia mama yake kwamba hakuna la kufanya. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Akawaza: kama ningeweza kuutoa ule uchafu kwenye damu, hata kidogo tu kila siku, si angeishi?

Vita Kuu ya Pili ikaingia, Wajerumani wakaikalia Uholanzi, vifaa hakuna. Kolff akiwa hospitali ya mji mdogo wa Kampen akaanza kuokoteza. Alichukua utando mwembamba unaotumika kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa la mbao lililolazwa ndani ya beseni la maji yenye chumvichumvi. Damu inapita ndani ya utando, uchafu unachujika kwenda kwenye maji, damu inarudi mwilini. Mashine za leo zinang'aa na zina skrini, lakini kazi ni ileile. (Kwa wanaouliza kama unawekewa damu ya mtu mwingine: hapana. Ni damu yako, inatoka inasafishwa inarudi.)

Alianza kuitumia kwa watu mwaka 1943. Na karibu wagonjwa wote wa mwanzo walikufa.

Hapo ndipo pa kutulia jamani. Walikufa kwa sababu aliletewa watu waliokuwa wameshakata tamaa, wengine hawajitambui. Mashine ilikuwa mlango wa mwisho. Mpaka mwaka 1945 alipoletewa mama wa miaka 67, Sofia Schafstadt, amezimia kabisa. Baada ya saa kadhaa kwenye mashine akafumbua macho. Inasimuliwa kwamba neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anamwacha mumewe, na kweli akamwacha! Aliishi miaka mingine kadhaa, akafa kwa sababu nyingine.

Lakini angalieni: Sofia alihitaji mashine kwa muda tu, figo zake zikaamka zenyewe. Wale ambao figo zimekufa moja kwa moja walisubiri mpaka 1960, pale Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner alipobuni mrija wa kubaki mkononi ili mgonjwa aunganishwe mara kwa mara. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11.

Kwa hiyo kuna watu wa aina mbili, na sisi tunawachanganya. Mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyepata kifafa cha mimba, mtoto mwenye malaria kali au aliyeharisha mpaka akakauka: figo zao zinaweza kusimama kwa siku au wiki kisha zikarudi. Hawa mashine wanaiacha. Tena si lazima iwe mashine. Pale KCMC Moshi, kuanzia 2009, wametumia njia ya kupitisha maji maalumu tumboni kwa mrija, na wengi wa wagonjwa wa mwanzo walipona.

Wa pili ni mwenye presha au sukari ya miaka mingi. Huyo anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, maisha yote au mpaka apandikizwe figo. Upandikizaji umefanyika nchini kwetu tangu Novemba 2017 pale Muhimbili, na Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018. Sitawadanganya, gharama ni kubwa, na kwa familia ya Kasokola huenda ikamaanisha kuhama nyumbani. Bima ikusanyieni mapema.

Sasa yule jirani mliyemuona. Mara nyingi alivimba uso na miguu miezi mingi, akanywa majani, akaombewa, akakubali kwenda siku ameshaanza kuweweseka. Yuko palepale walipokuwa wale wagonjwa wa Kolff wa 1943.

Mtoto akiharisha au akiwa na homa kali, angalia nepi. Ikikaa kavu saa sita au zaidi, usisubiri kesho, mpeleke kituoni. Mzazi aliyejifungua naye, mkojo ukiwa kidogo sana au ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke. Na mkiandikiwa rufaa kwenda mbele, nendeni siku hiyohiyo, kikao cha ukoo kitafanyika kwa simu.

Sehemu ya 5 ni keshokutwa: yale majani ya "kusafisha figo". Kuna kisa cha akina mama wa Brussels miaka ya 1990 waliokunywa dawa za mitishamba ili wapungue mwili. Wekeni maswali yenu hapo chini.