Treni ipi isubiri Samburu?

Nikitaja Samburu wengi mnafikiria Maralal. Mimi nasema Samburu ya Kwale, kwenye reli ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Leo itatusaidia kuelewa kompyuta za mwanga.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ilikuwa njia moja tu. Treni zinazoelekeana zilipishana stesheni: moja inaingia njia ya pembeni na kusubiri, nyingine inapita. Wakuu wa stesheni waliwasiliana kwa telegrafu.

Uamuzi mmoja ni rahisi. Lakini ukichelewesha treni Samburu, umevuruga pia mpishano wa Voi. Mipishano 20 ina mipango 1,048,576. Niliandika programu inayokagua mipango milioni 1 kwa sekunde. Mipishano 20: kama sekunde 1. Mipishano 30: dakika 18. Mipishano 60: zaidi ya miaka 36,000!

Mwaka 2016 watafiti wa NTT ya Japani na wenzao walitangaza njia nyingine. Walizungusha mipigo ya leza ndani ya uzi wa kioo wa kilomita 1, wakitumia tabia za kwantamu, yaani sheria za vitu vidogo sana kama chembe za mwanga. Kila mpigo huishia katika hali moja kati ya mbili, kama treni: subiri au pita. Fumbo lao halikuwa la treni, bali la kugawa vitu 2,000 katika makundi mawili. Mipigo iliathiriana mpaka yote ikatulia kwenye jibu zuri, ingawa si lazima liwe bora kabisa.

Je, tutupe kompyuta zetu? Hapana. Mwaka 2019 watafiti wa Toshiba walichukua hesabu zilizotokana na utafiti wa mashine ya kwantamu, wakaziendesha kwenye chipu ya kawaida, na wakaripoti kuipita mashine ile ya mwanga kwa kasi katika fumbo la vitu 2,000.

Hapo nikarudi kwenye programu yangu. Sasa haikagui kila mpango. Inaanza na mpango wowote, inageuza mpishano mmoja mmoja, na mara nyingine inakubali hatua mbaya ili isikwame. Kwa mipishano 60 napata ratiba nzuri kabla chai haijapoa. Sijui kama ndiyo bora kuliko zote, lakini treni zinapita. Nadhani mkuu wa stesheni wa zamani naye angeridhika.