Leza Ilianza na Kansa, Kukaza Kulikuja Baadaye

Pitisha kidole TikTok dakika tano tu usiku na lazima utapatana nalo. Dada kavaa koti jeupe, nyuma yake mashine inawaka taa, na maneno ni yale yale: kukaza, kung'arisha, kurudisha usichana. Hakuna kisu, hakuna damu, unaenda lunchi ukitoka hapo. Ukiuliza bei, unaambiwa uingie inboksi.

Wasee, mimi sina beef na mashine. Shida yangu ni kwamba tunauziwa hiyo kitu kama haina historia. Iko nayo, na ni ndefu. Ukiijua, utaelewa kwa nini dada wa Kondele, wa Ahero ama wa hapa kwetu Pap Onditi anafaa kuwa na swali lingine kabla ya lile la bei.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1917 Albert Einstein alipiga hesabu akaona kwamba mwanga unaweza kulazimisha atomu yenye nishati ya ziada itoe mwanga mwingine unaofanana nao kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla wazo hilo halijazaa leza. Mei 16, 1960, Theodore Maiman, akiwa kwenye maabara ya Hughes huko Malibu, California, akawasha leza ya kwanza duniani kwa kutumia kipande cha rubi. Mwaka 1964 Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksidi. Ndiyo, gesi ile ile inayofanya soda itoe povu.

Hiyo ya Patel ndiyo madaktari waliipenda. Mwanga wake unanyonywa haraka na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Kwa hivyo ukiuelekeza kwa nyama, unachoma juu juu tu, kina kidogo sana, na daktari anaweza kuuongoza anavyotaka. Mwaka 1973 daktari wa upasuaji Isaac Kaplan na wenzake, kule Israel, wakachapisha ripoti ya kuutumia kwa vidonda vya mlango wa kizazi. Miaka michache baadaye, hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zinatumia leza kuchoma seli zilizoanza kuharibika hapo, kabla hazijageuka kuwa kansa.

Rudia kusoma hiyo pole pole. Leza ilipoingia kwa afya ya sehemu za siri za wanawake, haikuja kumfanya mtu apendeze. Ilikuja kuzuia mtu asikufe.

Na hapa lazima tuseme wazi ni kansa gani. Kansa ya mlango wa kizazi haiji kama ajali ya boda. Inakuja na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo watu wengi wanaofanya mapenzi huvipata wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe. Kwa wachache vinakataa kutoka, vinaanza kubadilisha seli, na safari ya kutoka hapo hadi kansa inaweza kuchukua miaka 10, hata 20. Mjerumani Harald zur Hausen na timu yake ndio walipata aina mbili mbaya zaidi, HPV 16 na HPV 18, mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Maana ya hiyo miaka 10 ama 20 ni kwamba kuna nafasi. Mtu akiangalia mapema, seli zinachomwa na stori inaisha hapo.

Sasa, leza ilikuwa na shida moja kubwa: doo. Mashine ni ghali, inahitaji stima isiyopotea, daktari aliyefunzwa na fundi wa kuirekebisha. Kwa hivyo madaktari wakazidi kutafuta njia zingine za kazi ile ile. Kuna kugandisha kwa baridi kali, ambako pia hutumia gesi ya kaboni dioksidi, lakini kutoka kwa mtungi. Kuna kitanzi cha waya wenye umeme, ambacho Walter Prendiville na wenzake huko Bristol, Uingereza, walikielezea mwaka 1989, na ambacho kilichukua nafasi ya leza kwa hospitali nyingi. Na kuna kuchoma kwa joto, wazo la Kurt Semm wa Ujerumani tangu miaka ya 1960. Siku hizi hicho kifaa cha joto kinashikwa mkononi kama drili ndogo, kinatumia betri, na kazi yake ni ya dakika moja ama mbili hivi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019.

Na kuangalia kwenyewe? Siki. Si mchezo. Nesi anapaka asidi ya siki iliyopimwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, na seli zilizoharibika zinageuka nyeupe. Huku kwetu hiyo kazi ilishika kasi kutoka mwaka 2007, wakati mradi wa FACES, wa KEMRI pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ulianza kupima wanawake ndani ya kliniki za HIV Kisumu. Kulikuwa na sababu nzito ya kuanzia hapo. Mwanamke anayeishi na HIV ana hatari ya kansa hii karibu mara sita kuliko asiye nayo, na ufuo huu wa ziwa tunajua vile HIV ilitupiga.

Sasa mashine yetu ghali ikaenda wapi? Ilitafuta wateja wapya. Leza bado ina kazi zake za kitabibu, nisidanganye mtu. Lakini kuanzia kama mwaka 2014, utafiti mdogo wa Italia uliofanyiwa wanawake 50 waliokoma hedhi ulionyesha matumaini kwa ukavu na maumivu ya uke, na soko likaingia mbio. Kutoka kwa mama wa miaka 60 mwenye ukavu, tangazo likahamia kwa msichana wa miaka 23 ambaye hana ugonjwa wowote. Hapo ndipo maneno ya kukaza na kurudisha usichana yalipata mashine ya kuyabeba.

Julai 30, 2018, FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya matibabu, lilitoa onyo hadharani. Lilisema vifaa hivi havijaidhinishwa kwa hiyo kazi ya "kufufua" uke, na kwamba kulikuwa na ripoti za kuungua, makovu, maumivu wakati wa tendo na maumivu yasiyoisha. Kampuni saba ziliandikiwa barua. Halafu Oktoba 2021 ukachapishwa utafiti wa Sydney, Australia. Wanawake 90 waliokoma hedhi waligawanywa: wengine wakapata leza ya kweli, wengine wakapata maigizo ya leza, na hawakuambiwa ni nani amepata nini. Baada ya mwaka mmoja, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Kwa hivyo hata kwa wale wenye tatizo la kweli, matokeo yalikuwa hivyo. Wewe wa miaka 23 unalipia nini?

Sasa geuza macho urudi Kisumu, kwa sababu hii sehemu ndiyo hawatuambii. Miaka ile ile dunia ilikuwa inabishana kuhusu kukaza, wasichana wa Kisumu, Thika na Nairobi walikuwa wanajibu swali kubwa zaidi. Chanjo ya HPV ilikuwepo tangu 2006, lakini ilitolewa kwa dozi mbili ama tatu, na nchi maskini zilishindwa kuzifikisha zote. Utafiti ulioitwa KEN SHE ukauliza: je, dozi moja inatosha? Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea. Mwaka 2022 majibu yakachapishwa: baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi ya HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na nchi nyingi zikaanza kubadilisha mipango yao.

Linganisha na Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyekufa kwa kansa hii mwaka 1951. Madaktari walichukua seli zake bila kumuuliza, na zikatumika maabara za dunia nzima. Wasichana wetu waliulizwa, na wakasema ndiyo. Leo kuna mtoto nchi ya mbali anachomwa sindano moja badala ya mbili, na ushahidi ulitoka pia kwa msichana anayepanda matatu pale Kisumu. Hiyo ndiyo historia ya kujivunia, manze.

Lakini tusijisifu tukalala. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa kansa ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 3,000. Hiyo ni wanawake wanane kila siku. Na shida si kupima tu. Mwaka 2016 huko Migori, watafiti walipeleka kipimo cha HPV kwa jamii, mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe. Karibu 5,000 walipimwa, na kampeni za mtaani zilifikia wengi kuliko kliniki. Lakini kati ya waliokutwa na virusi, chini ya nusu ndio walifika kutibiwa. Ukikaa Pap Onditi unaelewa bila kuchorewa. Nauli ya kwenda na kurudi Kisumu, siku nzima bila biashara, na bwana anauliza unaenda hospitali kufanya nini na hauumwi. Kile kifaa cha betri kinafaa kuwa kila hospitali ya serikali, ndiyo mama apimwe na atibiwe siku hiyo hiyo, kabla hajarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ahadi ya kumdai MCA wako akija kuomba kura.

Najua kuna mtu atasema: mwili wangu, doo yangu. Sawa kabisa, sikukatazi. Naomba tu upange foleni vizuri. Kama uko na miaka 25 kwenda juu, pimwa kwanza. Kama unaishi na HIV, muulize daktari kuhusu kipimo hata kabla ya hapo. Ukitoka damu baada ya tendo, ama katikati ya hedhi, ama baada ya kukoma hedhi, usingoje tangazo likuambie ni nini. Kama mkojo unavuja baada ya kuzaa, mazoezi ya misuli ya nyonga yanasaidia wengi na hayana bei. Na kama nyumbani kuna msichana wa miaka 10 hadi 14, chanjo ni ya bure kwa vituo vya serikali tangu ilipozinduliwa Mombasa Oktoba 2019.

Wale wa matangazo wanataka uogope kwamba mumeo ataona uko tofauti. Mimi nataka uogope kitu kimoja tu: seli ambazo hakuna mtu ameziangalia, na ambazo siki kidogo na dakika chache za joto zingemaliza.