Profesa Sachedina na Maadili ya Tiba katika Uislamu
Profesa Abdulaziz Sachedina, mwanazuoni aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1942, alisoma katika vyuo vikuu nchini India, Iran na Kanada, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia na baadaye George Mason, nchini Marekani. Kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu maadili ya tiba katika Uislamu kinajadili, miongoni mwa mengine, upandikizaji wa viungo na kifo cha ubongo. Humo anaeleza kwamba fatwa pekee haitoshi. Uamuzi kuhusu mgonjwa hauna budi kupimwa pia kwa maslahi ya umma na kanuni ya kutodhuru. Suala hilo huzigusa moja kwa moja familia zinazotakiwa kuamua iwapo mashine inayomsaidia mgonjwa wao kupumua izimwe.