Uhunzi, Ngano na Suala la Uzalishaji Katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Maelezo ya uzalishaji katika eneo la Mbulu na Hanang aghalabu huanzia kwenye mashamba makubwa ya ngano. Mwanzo huo una kasoro, kwa kuwa unawaacha nje wahunzi. Miongoni mwa Wadatoga, kazi ya kufua chuma ilishikwa na ukoo wa Gidang'odiga. Kwa mivukuto ya ngozi na moto wa makaa walitengeneza mikuki, visu na bangili, na katika upande wa Ziwa Eyasi waliwafulia Wahadzabe vichwa vya mishale. Malipo yalikuwa mbuzi, asali na mazao. Wafugaji waliwahitaji, lakini hawakukubali kuoana nao. Hivyo ujuzi ulibaki ndani ya ukoo, na hata malighafi ilipobadilika, vyuma chakavu, misumari na kufuli kuukuu za shaba vikachukua nafasi yake, kazi haikukoma.

Uzalishaji wa aina ya pili uliletwa na serikali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, ngano ilianza kulimwa kwa mashine Basotu. Baadaye Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) likawa na mashamba saba, yakiwemo Setchet, Mulbadaw na Murjanda, yenye jumla ya ekari zaidi ya 70,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka nje ya nchi. Ngano nayo ilipelekwa kusagwa katika vinu vya miji mingine, vikiwemo vya Arusha. Wilaya ilitoa ardhi na nafaka. Faida ya usindikaji ilipatikana kwingine. Hapa ndipo takwimu za tani zinapomhadaa mtafiti, kwani wingi wa mavuno haukuwa kipimo cha ukuaji wa viwanda vya mahali hapo.

Ardhi yenyewe ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji waliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa eneo hilo kisheria. Matumizi ya muda mrefu ya wafugaji, ambayo hayakuandikwa popote, hayakutosha. Mwaka huohuo wa 1985 Wilaya ya Hanang iligawanywa kuwa wilaya za Hanang na Babati, na Katesh ikawa makao makuu ya Hanang.

Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashine zilichakaa, uzalishaji ukashuka, na baadaye baadhi ya mashamba yakabinafsishwa huku mengine yakigawiwa wananchi. Wahunzi, ambao hawakuwahi kuingizwa katika mpango wowote kati ya hiyo, waliendelea kuyeyusha shaba na kufua vyuma chakavu kwa ajili ya wateja wao.