Shukrani kwa Njia ya Hewa

Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, Bahari ya Kati, ambayo tangu kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez ilikuwa ndiyo njia ya mkato ya Waingereza ya kufikia Mashariki, iligeuka kuwa njia ya hatari, na marikebu zilizochukua askari, silaha na barua zikalazimika kuizunguka Afrika nzima, kupita Rasi ya Tumaini Jema, kisha kupanda na bahari ya pwani yetu mpaka Bahari ya Shamu. Ikawa waraka alioandika mama wa askari huko London, wa kumjulia hali mwanawe na kumshukuru kwa taabu anayoistahimili, huweza kumkuta amekwisha kuhamishwa au amekwisha kufariki. Ndege zilikuwapo, walakini ndege za siku zile zilibeba kidogo, na barua, hata ikiwa nyepesi mkononi mwa mtu mmoja, ni mzigo mzito zikikusanyika za watu laki moja.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa imekwisha kubuniwa kabla ya vita na watu wa kampuni ya Kodak, nayo ilianza kutumika kwa askari waliokuwa Misri mwezi wa Aprili 1941, kwa jina la Airgraph. Mtu alipewa karatasi maalumu, akaandika upande mmoja tu, kwa herufi za kusomeka. Mkaguzi akaisoma na kufuta yaliyokatazwa. Kisha karatasi ikapigwa picha pamoja na maelfu ya nyingine katika utepe wa filamu wenye upana wa milimita 16, na utepe huo ndio uliopanda ndege, si karatasi. Huko ulikofika, kila picha ilisafishwa na kuchapwa upya, ndogo kiasi cha kuenea kiganjani, ikatiwa katika bahasha, ikapelekwa kwa mwenyewe. Na madhali ndege zilikuwa zikitunguliwa, karatasi za asili hazikutupwa mpaka ipatikane habari kwamba filamu imewasili salama. Ikipotea, zilipigwa picha tena. Safari za kutoka Uingereza zilipofunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, waraka wa kwanza uliandikwa na Malkia Elizabeth, mkewe Mfalme George wa Sita, kwenda kwa Jenerali Auchinleck, amiri wa majeshi ya Mashariki ya Kati.

Wamarekani nao waliichukua hikima ile ile, wakaiita V-mail, wakaianza tarehe 15 Juni 1942. Hesabu waliyoitoa yatosha kueleza kwa nini: barua 150,000 za kawaida zilijaza mifuko 37 yenye uzito wa ratili 2,575, ilhali zikitiwa katika filamu zilienea katika mfuko mmoja wa ratili 45, na nafasi iliyosalia ikapakiwa risasi na dawa. Zaidi ya barua bilioni moja zilipita kwa njia hiyo kabla vita havijaisha. Wanawake waliopenda kutia busu chini ya sahihi zao waliombwa wajizuie, kwa sababu rangi ya midomo ilinata katika mitambo na kuchafua karatasi zilizofuata, na mafundi wakaipa jina la balaa jekundu. Nadhani hakuna serikali iliyopata kupigana na adui mpole kuliko huyo.

Barua hizo, aghalabu, zilikuwa za ahali kwa ahali. Na baina ya mwandishi na msomaji palikuwa na mtu wa tatu, mkaguzi au fundi, aliyelipwa mshahara kwa kazi yake. Katika vita vya Vietnam mtu huyo wa tatu alibadilika, akawa raia asiyelipwa kitu, na hapo ndipo tarehe ya mambo haya inapopendeza zaidi.

Jeshi la Marekani lilikuwa na mtandao wa redio uitwao MARS, uliowaunganisha askari na wapenzi wa redio wenye mitambo yao majumbani. Askari alipanga foleni kwenye kituo cha jeshi huko Vietnam. Sauti yake ikavuka Bahari ya Pasifiki juu ya mawimbi mpaka ikadakwa na mtu, tuseme, wa Arizona au California, aliyekesha katika chumba chake kidogo chenye nyaya na antena. Naye akawapigia simu wazazi wa yule askari, akaifunga simu na redio pamoja, wakazungumza. Kwa kuwa redio ile haikuweza kupokea na kupeleka kwa wakati mmoja, kila aliyemaliza neno lake ilimbidi aseme “ova”, ili mwenye mtambo ageuze swichi. Basi mama akamwambia mwanawe kwamba anampenda, ova, na mwana akajibu kwamba naye anampenda, ova, na baina yao mgeni amekaa kimya akisikia yote, mkono juu ya swichi, macho kwenye saa, maana dakika zilikuwa chache na wengine walikuwa wakingoja. Asiyepata zamu ya kuzungumza aliweza kutuma maneno machache ya kuandikwa, nayo pia yalikwenda kwa redio, bila ya malipo. Mmoja katika watumishi hao wa hiari alikuwa Barry Goldwater, yule aliyeshindwa katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1964: kituo chake cha nyumbani Arizona, yeye na wasaidizi wake, kiliunganisha mazungumzo zaidi ya 200,000. Watu hao hawakuandika neno lolote la shukrani kwa askari. Shukrani yao ilikuwa usingizi wao.

Mwaka 1967, vita hivyo vikiwa vimepamba moto, mwandishi wa magazeti aliyejiita Abigail Van Buren alianza kuwahimiza wasomaji wake wawaandikie askari wasiowajua, hasa wakati wa Krismasi, na desturi hiyo ikaendelea miaka mingi. Iliyoikatiza ni barua zenyewe: mwaka 2001 nyaraka zilizotiwa vijidudu vya kimeta ziliua watu watano huko Marekani, na Wizara ya Ulinzi ikakataza posta inayopelekwa kwa askari yeyote asiyetajwa jina. Salamu zikahamia katika intaneti, na baadaye katika simu za mkononi. Ikawezekana mtu achague mchoro, achague na maneno yaliyokwisha kuandikwa na mwingine, abonyeze, kisha aendelee na chakula chake.

Sisemi kwamba salamu hizo ni za uwongo; askari aliye jangwani pengine hufurahi hata kwa neno moja. Walakini katika mlolongo mzima huu, tangu utepe wa filamu hadi simu ya kiganjani, mimi nawapa daraja ya juu wale waliokaa kimya katikati na kugeuza swichi, kwa sababu hao peke yao walitoa kitu kilichowapungukia. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifunga tawi lake la MARS mwezi wa Septemba 2015. La Jeshi la Nchi Kavu lingali likifanya kazi kwa watu wa hiari.