Sindano ya kupunguza uzito: kutoka kwa mjusi hadi kwa boda boda

Wiki jana jirani yangu hapa Elgon View alinigongea mlango na kalamu ya sindano ya Ozempic. Mimi huandika programu, si daktari, lakini aliinunua mtandaoni, basi akaona mimi ndiye mtaalamu! Hakuulizwa karatasi ya daktari. Alilipa kwa M-Pesa, boda boda akaileta ndani ya bahasha, vuguvugu.

Dawa hizi zina historia ya ajabu. Mwaka 1992 Mmarekani John Eng alitangaza kemikali aliyoipata katika sumu ya mjusi wa jangwani, Gila monster. Ikazaa Byetta, sindano ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ozempic, ya jamii hiyo hiyo, ikafuata 2017. Wegovy, ya kupunguza uzito, 2021.

Kwetu malipo ndiyo yaliyotangulia: M-Pesa ilianza 2007. Miaka kumi baadaye MYDAWA ikaanza kuuza dawa mtandaoni, kwa leseni ya Bodi ya Famasi na Sumu.

Ila kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hilo hakuna kodi ya kompyuta inayolitatua. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Nyingine huenda zina insulini, ambayo inaweza kushusha sukari ghafla.

Tulilinganisha namba ya bechi ya boksi na ya kalamu. Hazikufanana. Jirani akanyamaza, kisha akauliza kama pesa hurudishwa.