Kutoka Tiba Bure hadi Dirisha la Malipo

Anayeugua Ibadakuli, pembeni ya Shinyanga, ana njia mbili za zamani: hospitali ya serikali mjini Shinyanga, au Kolandoto, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1913, leo mikononi mwa Kanisa la Africa Inland (AICT). Upande wa Mwadui, mgodi wa almasi nao ulikuwa na hospitali yake. Kwa hiyo Usukumani tiba isiyo ya serikali si jambo la juzi. Jambo jipya ni nani anayelipa, na analipa lini.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilisema afya ni haki ya raia na gharama ni yake. Zahanati zikajengwa vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikakusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Bugando, hospitali ya Wakatoliki jijini Mwanza, ilitaifishwa mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa. Sheria ya 1977 ikapiga marufuku hospitali za kibiashara, lakini za misheni ziliachwa. Zisingeachwa, sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa ingebaki bila daktari.

Kisha fedha zikakauka. Vita vya Kagera, bei za mafuta zilizopanda na bei za mazao ya biashara zilizoporomoka viliacha zahanati zina kuta na mhudumu, dawa hakuna. Mwaka 1985 Bugando ilirudishwa kwa maaskofu, na mwaka 1991 Bunge likafungulia tena matibabu binafsi. Julai 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukaanza katika hospitali za rufaa, ukashuka mikoani na wilayani. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa kwa maandishi. Mara nyingi walikuta dawa zimeisha, wakaelekezwa duka la dawa.

Wilaya jirani ya Igunga ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa, mwaka 1996. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na mchango ukaongezewa kiasi kilekile kwa utaratibu wa tele kwa tele. Naona busara kubwa hapo. Mkulima wa pamba ana fedha baada ya kuuza, katikati ya mwaka; malaria humjia wakati wa mvua, ghala likiwa tupu. Anayedaiwa siku ya homa huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, au husubiri nyumbani hadi mtoto azidiwe. Ada ya dirishani haikuujali msimu huo, na hilo ndilo kosa ninalolilaumu kuliko uamuzi wenyewe wa kuruhusu hospitali binafsi.

Wenye mishahara walipata nafuu mapema. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza mwaka 2001, mtumishi wa umma alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3. Miaka hiyohiyo migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu, na mwajiriwa wake alikuwa na kampuni ya kumgharimia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Mchimbaji mdogo wa Geita hana mwajiri wa kumwongezea asilimia yoyote, wala msimu wa kuuza unaojulikana. Hulipwa duara, yaani shimo lake la dhahabu, linapotema, na linaweza kukaa miezi bila kutema. Kiwango na tarehe ya mchango wake vipangwe kwa kuutazama mfuko wa suruali yake, si hati ya mshahara wa karani.